Baiskeli Isiyo na Keria

Mtaani kwetu Misunkumilo wapo watu ninaowajua kwa majina yao yote matatu na sina la kusema juu yao. Huyu nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita wote. Kwao ni wapi, baba yake nani, walikuja Mpanda kwa njia gani, hayo wapo wanaopenda kuyasema, tena kwa kunong'ona, waende wakanong'one wao. Mimi nilimjua kuanzia alipochimba msingi wa nyumba jirani na yangu. Ninachokijua ni kwamba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Mwamkulu, na kwamba aliipenda miguu yake kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona.

Hilo la miguu si utani. Kaka yake mkubwa alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, kisha akakatwa wa pili, kisha tukamzika. Mwalimu ndiye aliyemuuguza. Alimbeba mgongoni kumpeleka chooni, mtu mzima na heshima zake, na nadhani huko mgongoni ndiko kaka yake alikomwachia hofu. Maana yeye naye alipopimwa akaambiwa sukari ipo, presha ipo, na tumbo nalo wakati ule lilikuwa linatangulia yeye anafuata, hakuuliza ataishi miaka mingapi. Mke wake alikuwepo, ndiye aliyetusimulia. Aliuliza jambo moja tu: afanye nini miguu ibaki. Daktari akamwambia apunguze wali, aache soda, atoe jasho kila siku ya Mungu. Mwalimu akarudi nyumbani, akauza pikipiki, akanunua baiskeli.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mgeni hataelewa, ngoja nieleze. Huku kwetu baiskeli ni mnyama wa kazi. Inabeba mkaa, inabeba gunia la mpunga, inabeba mama mwenye uchungu, na nimeona kwa macho yangu ikibeba maiti. Ukimwona mtu juu ya baiskeli tupu unajua ametoka kupeleka mzigo au anakwenda kuuchukua. Mwalimu alinunua ya mtumba, nyembamba, ya gia, matairi kama mkanda wa suruali. Jambo la kwanza alilofanya alishika spana, akafungua keria, akaitupa stoo.

Nilikuwa nimesimama kwenye uzio namtazama. Nikamuuliza, "Sasa hii itabeba nini?"

"Itanibeba mimi, mzee."

"Kukupeleka wapi?"

"Kazini."

"Pikipiki ilikuwa haikufikishi?"

"Ilikuwa inanifikisha. Ndiyo ubaya wake."

Nikaenda zangu. Nilimwambia mama watoto kuwa jirani amepotewa na akili, tena mwalimu mkuu, watoto wa watu wako mikononi mwake.

Lazima niseme na mimi ni nani, ili mjue niliyatazama haya kwa jicho gani. Shule niliiacha darasa la tatu. Nilitoka Mamba, kwetu Upimbwe, nikiwa na baiskeli nyeusi ya chuma ambayo haikuwa hata yangu, na kwa baiskeli hiyo nilisukuma mpunga wa watu miaka mingi, mvua na jua, mpaka nikapata mashine yangu ya kukoboa, nikapata nyumba, nikapata gari la kubebea mizigo. Hakuna aliyenishika mkono. Siku niliyonunua gari ile baiskeli niliitoa nje nikampa mtu wa kwanza aliyepita, na sikumuuliza jina. Kwa hiyo kumwona mtu mwenye mshahara wa serikali anashuka kutoka kwenye injini anapanda pedali kwa hiari yake, akasema ni kwa ajili ya afya, mimi niliona kama tusi. Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia kama unataka jasho, njoo shambani kwangu nikupe jembe.

Akasema, "Jembe nitakuja kulishika Jumamosi. Sukari hainingojei mpaka Jumamosi."

Na kweli Jumamosi alikuja. Alilima vibaya sana, lakini alilima mpaka saa ya kula, na chakula chetu hakukigusa, alikuja na mihogo yake ya kuchemsha kwenye kopo.

Mavazi sasa. Mwalimu hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu nusu. Alisema atakayepanda baiskeli barabara ile ya Mwamkulu yenye malori ya mpunga bila kujikinga huyo haendi mazoezini, anakwenda kaburini. Basi akanunua helmeti, ile ya plastiki yenye matundu, ya bluu. Akanunua koti la njano lenye mistari inayong'aa, kama la watu wa barabara. Glovu zilizokatwa vidole. Miwani ya kuzuia vumbi. Taa mbele, taa nyekundu nyuma inayokonyeza mchana kweupe. Kioo kidogo upande wa kulia cha kutazamia nyuma. Chini ya kiti akafunga kamfuko kenye viraka, solusheni, msasa na spana ndogo, na pampu akaifunga kwenye fremu. Nguo za kazi alizikunja vizuri kwenye begi la mgongoni, suruali, shati, tai, anakuja kuzivaa ofisini kwake. Vijana wa bodaboda pale kijiweni walikuwa wakimngoja kama watu wanaongoja sinema.

"Mwalimu, hiyo sufuria unapika nini leo?"

"Ubongo," anajibu, hapunguzi mwendo. "Wewe wako umeshauepua?"

Walicheka mpaka wakachoka kucheka, halafu wakazoea. Mmoja wao, baada ya kuanguka na kupasuka kichwa, alikuja kumuuliza kwa sauti ya chini zinauzwa wapi. Mwalimu hakumcheka. Alimpeleka mwenyewe dukani.

Lakini akina mama wa jumuiya hawakuona sinema. Waliona shida. Sisi ni Wakatoliki mtaa ule, tunasali nyumba kwa nyumba kila wiki, na mwenyekiti wetu ni mama mmoja wa Kipimbwe mwenye moyo mkubwa na masikio mapana. Akapiga hesabu yake: pikipiki imeuzwa, mtu anakwenda kwa baiskeli, amekonda, shavu limeingia ndani, soda hanywi, kwenye misiba anakula mboga tupu. Akaona hapa kuna mtu mzima amekwama na anaona aibu kusema. Kumbe kukonda ndiko Mwalimu alikokuwa anakutafuta kwa udi na uvumba, na kila akikaza mkanda tundu moja alikuwa anafurahi.

Siku ya zamu ya kusali nyumbani kwa Mwalimu, tulipomaliza rozari, mwenyekiti akasimama. Akasema jumuiya ni familia, leo kwangu kesho kwako, kukwama si dhambi. Wakaingia akina mama wawili wamebeba mchele, mweupe, wa kunukia, nusu gunia, wameuchanga kikombe kikombe kutoka nyumba ambazo nazijua zingine hazikuwa na mchele wa kula wao. Wakauweka miguuni pake.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilitaka kucheka, kisha nikamtazama usoni nikaacha. Mke wake alikuwa ameinamisha kichwa, shuka la meza amelikunja mkononi. Mwalimu alisimama, akaupokea ule mchele kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtoto anayepokea kwa mkubwa, akasema asanteni sana, Mungu awarudishie.

Walipoondoka nilibaki nikamwambia umewadanganya watu. Ulitakiwa kuwaambia ukweli.

"Niwaambie nini, mzee? Niwaambie wao wanapanda baiskeli kwa sababu hawana, na mimi napanda kwa sababu ninacho kingi mno mwilini? Mama yule mwanaye anasukuma mkaa kutoka msituni kila siku. Nimtazame machoni nimwambie mimi nasukuma pedali nipungue?"

Ule mchele, ambao ndicho kitu cha kwanza daktari alichomkataza, ulikwenda shuleni ukapikwa kwa watoto. Kuanzia siku ile nilianza kumtazama kwa namna nyingine, ingawa sikumwambia.

La kaptula nitalisema kwa kifupi maana ni la aibu. Alikuwa na kaptula za kubana, nyeusi, zenye sponji nene kule kunakokaliwa, ili kiti kisimchubue. Mke wake akazifua akazianika kwenye kamba kama nguo nyingine yoyote. Wapita njia wakaona. Haikupita wiki mtaa mzima unajua Mwalimu anavaa pampasi, kwamba ugonjwa umefika kwenye kibofu, mkojo haushikiki. Watu wakaanza kumpa pole wasiyomalizia. "Pole na... hali, Mwalimu." Anajibu asante, anadhani ni pole ya safari. Mpaka mzazi mmoja alipomletea ofisini mizizi ya kuchemsha, amefunga kwenye gazeti, anamwambia kunywa hii kutwa mara mbili, babu yangu ilimfunga kabisa. Mwalimu akauliza ilimfunga nini. Alipoelewa, alichukua ile kaptula siku ya mkutano wa wazazi, akaipitisha mkono kwa mkono kama sahani ya sadaka, kila mtu abonyeze lile sponji mwenyewe. Nimeambiwa wazee wa Kirundi wa upande ule walibonyeza wakaona ni jambo la maana, na mmoja akauliza kama anaweza kupata ya kuvaa akienda na gari la mizigo Tabora.

Sasa msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ulikuwa na gharama, wakati mwingine kwa wengine.

Ile keria. Siku moja mtoto wa darasa la pili aliwaka homa, akaanza kurusha mikono na kugeuza macho. Shuleni siku hiyo hakukuwa na chombo kingine, ilikuwa baiskeli ya Mwalimu tu. Hakuna pa kumkalisha mtoto. Akamlaza kwenye fremu, akamfunga kwa koti lake la njano, akasukuma kwa miguu mpaka zahanati, anakimbia, mkono mmoja usukani na mkono mmoja kichwa cha mtoto. Mtoto alipona. Lakini baba yake alikuja shuleni akasema mbele ya walimu kwamba kama si majivuno ya mtu mzima kung'oa keria, mwanawe angefika mapema. Mwalimu akasema ni kweli. Nikadhani ataifunga tena. Hakuifunga. Nilipomuuliza alisema ikiwepo keria atabeba kila mtu na kila kitu, hatajua kukataa, na baada ya mwezi itakuwa baiskeli ya mizigo na sukari itapanda. Alinunua baiskeli nyingine, nzito, ya keria kubwa, akaiacha shuleni kwa ajili ya dharura. Watu waliona ameongeza wazimu juu ya wazimu. Mimi niliona ni mtu anayeujua udhaifu wake.

Na udhaifu wenyewe ulikuwa huo: hakuweza kumpita mwenye pancha. Yule mtu wa kuchunga muda kama saa ya kanisa, anayewapanga wachelewaji mstarini wakaokote takataka uwanja mzima, alikuwa akimkuta mama na ndoo za nyanya ameinama pembeni ya tairi, anashuka. Anatoa msasa, anatoa solusheni, anaziba, anajaza upepo, jua linapanda. Anafika shuleni kengele imeshalia. Basi anakwenda kusimama kwenye mstari wa wachelewaji, na helmeti yake kichwani, anaokota makaratasi na watoto. Walimu wenzake walimwomba aache, inawashushia hadhi. Akawaambia hadhi itakayoshuka kwa karatasi moja haikuwa imepanda sana.

Maneno yake mengi yalikuwa ya namna hiyo, mafupi. Mimi nina presha pia, ipo kwenye ukoo wetu, na alinisumbua miaka. "Mzee, tafuta moja, twende wote mpaka njia panda turudi." Namwambia mimi baiskeli nilikwisha maliza zangu. Anasema, "Ulimaliza za mpunga. Za kwako hujaanza." Alinifundisha pia kutazama miguu. Kila jioni alikaa kwenye kigoda mlangoni, anaosha miguu, anaikausha katikati ya vidole, anachukua kioo kidogo cha kunyolea anakitazamisha nyayo. Alisema mwenye sukari nyayo zake huwa kama mkoa wa mbali, kunaweza kuwaka moto kule na makao makuu yasipate habari. Mtaa mzima uliijua ile kazi yake ya jioni, watoto walikuwa wanamwambia shikamoo ya kwake na shikamoo ya miguu.

Ndiyo maana kilichotokea sikielewi mpaka leo.

Viatu. Kila kifaa alikuwa nacho isipokuwa viatu. Alikuwa anapanda na raba za kawaida. Siku moja kwenye mitumba ya mnadani akakuta viatu vya baiskeli hasa, vile vya waendesha mashindano, soli ngumu kama ubao, vinang'aa, vinabana mguu usicheze kwenye pedali. Vilikuwa vimembana kidogo. Alisema kiatu kizuri lazima kishike. Alivifurahia kama mtoto wa komunyo ya kwanza, akanionyesha mpaka mishono. Kilikuwa kipindi cha mitihani ya darasa la saba, anatoka kabla ya jua na kurudi amechoka, na kile kigoda cha jioni akaanza kukiruka. Alikuwa ameviamini viatu. Mtu aliyejikinga kichwa, macho, mikono na makalio, aliona sasa miguu nayo imepata kofia yake, haina haja ya kuchungulia.

Mke wake ndiye aliyeona soksi. Damu imekauka, nyeusi, kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia. Mwalimu mwenyewe hakuwa amehisi kitu. Kidonda kilikuwa kimeshaingia ndani. Walikihangaikia Mpanda, wakakihangaikia mbali zaidi, mwishoni wakamkata chini ya goti.

Mtaani walisema baiskeli imemkata mguu. Wale wale waliosema amefilisika, wakasema amechanganyikiwa, wakasema anavaa pampasi, sasa walikuwa na hili, na safari hii lilikuwa na mguu wa kulizika. Nilisema mashineni kwangu mbele ya watu kwamba kaka yake hakupanda baiskeli hata siku moja na alikatwa yote miwili akiwa kijana kuliko huyu. Kiatu ndicho kilichomkata, na kazi nyingi, na kujiamini. Asiyetaka kuelewa akakoboe kwingine.

Nilipokwenda kumwona aliporudishwa nyumbani nilikuta mke wake ameitoa baiskeli nje, ameilaza kwenye jalala la majani makavu. Mwanamke mpole yule, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alisema chuma hiki kimenimalizia mume, leo nakichoma. Mwalimu alikuwa kitandani, dirisha wazi, anasikia yote. Nilipoingia hakunisalimia vizuri. Alisema, "Mzee, nifichie." Nikaenda nikaichukua, mama wa watu akanitazama tu, nikaipakia kwenye gari nikaipeleka mashineni nikaiegemeza ukutani nyuma ya magunia ya pumba. Ilikaa huko muda mrefu. Nilikuwa naiona kila ninapopima pumba, na vumbi lake, na sikuwahi kuifuta.

Wakubwa wake walimpa nyumba ya mwalimu pale pale shuleni Mwamkulu, mlango kwa mlango na ofisi, ahamie asihangaike. Ofa nzuri. Alikataa. Watu walidhani hapendi nyumba yenyewe. Mimi aliniambia, "Nikihamia pale sitakuwa na njia ya kwenda popote, na huu uliobaki utaoza nimekaa." Akapewa mguu wa bandia, akajifunza kuutembelea kwa fimbo, ukawa unamchubua pale ulipounganishwa. Alikuwa anapelekwa kazini kwa bodaboda na vijana wale wale wa kijiweni, wanamshusha taratibu kama yai, na alichukia ile taratibu yao. Tumbo likaanza kurudi. Nililiona. Na yeye alijua kwamba nimeliona.

Halafu siku moja alituma mtu mashineni kuichukua ile baiskeli.

Sikukaa naye tena kwa mazungumzo marefu, kwa sababu msimu wa mavuno ulinichukua, nikawa nalala Mamba na vijiji vya huko nikikusanya mpunga. Niliporudi ndipo nilipokutana naye, na ni hiyo mara ninayotaka kuisema.

Ilikuwa kiangazi, saa za asubuhi, nimepita mashamba ya Mwamkulu yaliyokwisha vunwa, gari lina mzigo. Mbele yangu nikaona ng'ombe wa Wasukuma wanavuka barabara, kundi kubwa, vumbi limesimama. Na mbele ya ng'ombe nikaona koti la njano linazunguka. Namaanisha linazunguka, duara, katikati ya barabara, kama mtu anayekanyaga nafaka. Nikasimamisha gari. Ni Mwalimu, juu ya baiskeli yake, helmeti kichwani, anazunguka polepole, anatazama ng'ombe wanavyopita, anazunguka tena. Mguu wa bandia ameufunga kwenye pedali kwa mpira wa tyubu. Nilidhani anacheza. Nikapiga honi nikacheka. Kisha nikaona usukani unatetemeka na duara linazidi kuwa dogo, na uso wake haukuwa wa mtu anayecheza.

Nikashuka. Nikamkimbilia, na mimi si mtu wa kukimbia, nikamdaka begani na kwenye usukani, tukasimama. Uzito wake wote ukaniegemea kifuani. Alikuwa anahema.

"Kwa nini usiteremshe ule mzima?" nikamuuliza.

"Huo nao hauna habari na ardhi, mzee. Nikiuteremsha sijui kama umegusa chini au bado. Nilishaanguka mara mbili."

"Sasa unasimamaje?"

"Sisimami. Mke wangu ananipandisha nyumbani, mlinzi ananidaka getini. Katikati hapo sina pa kusimama."

Ng'ombe walikuwa bado wanapita. Nilimwambia maneno makali, kwamba ana watoto, kwamba malori hayana macho, kwamba daktari aliyemruhusu afungwe. Alisikiliza yote, kidevu kimenigusa bega, hana namna ya kuondoka. Nilipomaliza akasema daktari alimwambia atembee. Akitembea kigutu cha mguu kinachubuka, wataongeza kukata. "Hapa natembea nimekaa. Sukari imeshuka, tumbo limeshuka, kila jioni mama watoto anautazama huu uliobaki kwa kioo, yeye mwenyewe, hataki nishike. Nimebakiza mmoja, mzee. Siwezi kuukalia."

Tukakaa hivyo tumeshikana katikati ya barabara kama watu wanaoagana, na ndama wa mwisho mwisho wanatupita ubavuni.

"Wamekwisha," akasema. "Nisukume."

"Nikikusukuma utaanguka."

"Usinisukume kwa woga. Shika kiti, kimbia kidogo, halafu niachie."

Nikashika kiti. Nikasukuma, nikakimbia na viatu vyangu vya ngozi kwenye kokoto, pedali zikaanza kuzunguka, mguu wa mpira na mguu wa nyama, baiskeli ikanyooka. Akasema niachie. Sikumwachia. Akasema tena, kwa sauti ya mwalimu mkuu, nikamwachia.

Hakugeuka nyuma kuaga, maana akigeuka baiskeli ingeyumba. Alikwenda. Nilibaki nimesimama katikati ya njia, mkono bado umenyooka mbele, namtazama mpaka mchungaji wa ng'ombe aliponiambia mzee, toa gari, watu wanataka kupita.